Juisi ya kitunguu saumu inaua Candida leo, wiki ijayo haiui: kosa liko wapi katika vipimo vyangu?

Binti wa Kadutu (Bukavu)

Ndugu zangu wa maabara, ninawasalimu. Niko mwaka wa mwisho katika chuo kimoja cha ufundi wa tiba hapa Bukavu, na TFC yangu (kazi ya utafiti ya kumalizia masomo) inahusu uwezo wa kitunguu saumu dhidi ya fangasi wanaoleta magonjwa kwa binadamu. Nimefanya kazi hii kwa miezi miwili, na sasa nimekwama, si kwa kukosa matokeo, bali kwa sababu matokeo niliyo nayo yanapingana yenyewe kwa yenyewe.

Nilinunua vitunguu saumu vibichi katika soko la Kadutu, nikavimenya, nikatwanga gramu 10 pamoja na mililita 10 za maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha nikachuja kwa kitambaa safi. Fangasi ninayemtumia ni Candida albicans aliyetoka katika kinywa cha mgonjwa. Tulimtambua kwa kumweka katika seramu ya binadamu kwenye nyuzi 37, naye akachipua vimirija kabla ya saa tatu kwisha. Nilimpanda juu ya agari ya Sabouraud, chakula kigumu cha kuoteshea fangasi, nikatoboa vishimo vya milimita 6 na kutia mikrolita 100 za dawa katika kila kishimo.

Juisi mbichi ilitoa duara kubwa lisiloota kitu, la milimita 30 hivi. Juisi hiyohiyo, baada ya kuitakasa kwa mvuke ndani ya sufuria ya presha kwa dakika 15 ili isiingize vijidudu vingine, haikutoa duara lolote. Sehemu nyingine ya vitunguu niliikausha katika tanuri la nyuzi 80, nikaisaga na kuiloweka katika alkoholi kali: nayo haikutoa kitu. Juisi mbichi iliyokaa friji siku kumi ilitoa duara dogo, karibu nusu ya lile la kwanza.

Kilichonivunja moyo zaidi ni bamba la vishimo 96. Niliweka juisi kali katika safu ya pili, nikaipunguza nusu kwa nusu kuelekea kulia, na safu ya kwanza nikaiacha na Candida peke yake bila juisi, ili nione anavyokua akiwa huru. Asubuhi yake safu ya kwanza ilikuwa angavu kabisa, kana kwamba sikupanda kitu.

Mwalimu mmoja amenishauri nichukue wastani wa matokeo yote ya agari na kuandika tarakimu moja. Moyo wangu unakataa, lakini sina hoja ya kumjibu. Naomba msaada wenu.

Mkemia wa Lubumbashi

Dada, moyo wako uko sahihi, na hoja ya kumjibu mwalimu wako ipo. Huwezi kuchukua wastani wa vitu vinne tofauti, na ulichopima ni vitu vinne tofauti vilivyotoka katika mmea mmoja.

Punje nzima ya kitunguu saumu, kabla haijaguswa na kisu, haina dawa unayoitafuta. Ndani yake mna alini, ambayo haina harufu, na katika sehemu nyingine ya chembe zilezile mna kimeng'enya kiitwacho alinezi. Viwili hivi vimetengwa kwa kuta. Unapotwanga, kuta zinapasuka, kimeng'enya kinakutana na alini, na kwa muda usiofika dakika inazaliwa alisini, yenye ile harufu inayochoma pua. Alisini ilitengwa na kuelezwa mwaka 1944 huko Marekani na Cavallito na Bailey. Alini yenyewe ilielezwa mwaka 1948 na Stoll na Seebeck, huko Basel, Uswisi. Kwa hiyo mama alijulikana miaka minne baada ya mtoto, na nadhani hii ndiyo sababu watu wengi hadi leo wanaandika kwamba kitunguu saumu "kina" alisini, ilhali kinaitengeneza kikijeruhiwa.

Sasa rudi kwenye vipimo vyako. Vitunguu ulivyokausha kwa nyuzi 80 vilipoteza kimeng'enya kwa joto. Hata kama kingesalia kidogo, alkoholi kali ingekizuia kufanya kazi. Ulichokitia katika kishimo kilikuwa alini na sukari, navyo havimdhuru Candida. Juisi uliyoitia katika presha ilikuwa na alisini, lakini alisini haivumilii joto la namna hiyo: huvunjika na kuwa salfidi mbalimbali, ambazo nyingi hutoka na mvuke. Ile ya friji ilikuwa njiani, inavunjika polepole kila siku. Mwenye jokofu la nyuzi 70 chini ya sifuri anaweza kuihifadhi kwa muda mrefu. Sisi wengine tunapaswa kutwanga asubuhi na kupima asubuhi hiyohiyo.

Usidhani kwamba kila kinachotokana na kuvunjika kwa alisini ni takataka. Ukiiacha alisini katika mafuta, huvunjika upesi, lakini baadhi yake hugeuka ajoini, iliyoelezwa mwaka 1984 na Eric Block na wenzake, na jina lake linatokana na neno la Kihispania la kitunguu saumu. Ajoini ni tulivu kuliko alisini na inawaweza fangasi wengi. Mwaka 1996 watafiti wa Venezuela walitoa matokeo ya krimu yenye ajoini asilimia 0.4 kwa wagonjwa 34 wenye fangasi wa miguu: asilimia 79 walipona kwa siku 7, na waliobaki wakapona baada ya siku 7 nyingine. Ndiyo maana nasema ni vitu tofauti. Mtu anayeandika "dondoo la kitunguu saumu" bila kusema limeandaliwaje hajasema lolote.

Jambo la pili ni tarakimu. Katika TFC nyingi ninazosoma, mwanafunzi anaandika kwamba kiwango cha chini kilichozuia fangasi ni "miligramu 50 kwa mililita", halafu anakilinganisha na flukonazoli, dawa ya fangasi inayohesabiwa kwa mikrogramu, na anahitimisha kwamba kitunguu ni dhaifu. Huo si ulinganisho wa haki. Gramu moja ya kitunguu saumu kibichi kilichotwangwa hutoa alisini kati ya miligramu 2.5 na 4.5 hivi. Tuseme chako kilitoa 3: gramu 10 zikatoa miligramu 30. Maji yako ni mililita 10, na kitunguu chenyewe kina maji karibu asilimia 65, kwa hiyo mchanganyiko wote una mililita 16 na nusu hivi. Juisi yako basi ilikuwa na alisini miligramu 1.8 kwa mililita, na ukiipunguza mara 64 utabaki na mikrogramu 28 kwa mililita. Hiyo ndiyo tarakimu inayoweza kukaa meza moja na flukonazoli.

Lakini hiyo 3 niliyosema ni kadirio, nawe usiandike kadirio kama kipimo. Pima alisini yako. Ukiwa na spektrofotometa inayofika nanomita 412, unahitaji sisteini (asidi amino yenye salfa) na kikemikali kinachoitwa DTNB, si zaidi. Changanya juisi na sisteini uliyoipima vizuri, katika maji ya bafa ya pH 7.5, ngoja dakika kumi na tano, kisha tia DTNB, ambayo hutoa rangi ya njano kulingana na sisteini iliyobaki. Molekuli moja ya alisini hula sisteini mbili. Tofauti ya rangi kati ya chupa yenye juisi na chupa isiyo na juisi, ukiigawa kwa 28,300 (yaani 14,150 mara mbili) na kuizidisha kwa upunguzaji wako, inakupa moli za alisini kwa lita. Milimoli moja kwa lita ni mikrogramu 162 kwa mililita. Kazi hii ni ya saa moja, na itaipa TFC yako uti wa mgongo.

Fundi wa Maabara (Goma)

Nimeyasoma maelezo ya mkemia na sina la kupinga. Mimi nitashughulikia bamba, kwa sababu lile tatizo la safu ya kwanza limewahi kunipata na lilinipotezea wiki nzima.

Dada yangu, Candida wako wa safu ya kwanza hakufa kwa kukosa chakula. Aliuawa na hewa. Alisini inapaa, inatoka kishimo cha pili, inakaa chini ya kifuniko, na inaingia katika vishimo vya jirani. Ukitaka kuliona jambo hilo kwa macho yako, panda Candida katika sahani ya petri, igeuze juu chini, weka tone la juisi kwenye kifuniko bila kugusa agari, kisha acha usiku kucha. Utakuta uwazi mahali palipoelekeana na tone. Kwa hiyo vishimo vya ulinganishi viweke katika bamba la pili, si katika bamba lenye juisi. Katika bamba la juisi, acha safu tupu zenye maji kati ya dozi kali na dozi ndogo, na funika kwa karatasi ya kunata badala ya kifuniko cha kawaida. Hata katika sahani za agari, usiweke kishimo cha juisi na kishimo cha maji katika sahani moja.

Kuhusu kutakasa: tumia chujio la mikromita 0.22, si presha. Na hata kwa vitu vinavyostahili presha, kumbuka mahali tunapoishi. Bukavu na Goma ziko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Maji yetu yanachemka karibu na nyuzi 95, na sufuria ya presha iliyotengenezwa kufika nyuzi 121 pwani, kwetu inafika 118 hivi kwa shinikizo lilelile la valvu. Ongeza muda kwa agari zako, na weka utepe wa kupimia joto ndani kila mara. Nimeona sahani nyingi zilizoota ukungu ambazo watu walilaumu mikono ya mwanafunzi, kumbe ni mlima.

Sasa idadi ya fangasi. Hukusema ulitia wangapi, na bila hiyo tarakimu zako haziwezi kurudiwa na mtu mwingine. Kama huna mashine ya kupima utusitusi wa maji yenye chembe, tengeneza McFarland 0.5, yaani chupa ya kulinganishia utusitusi huo, kwa mkono: mililita 0.5 za bariamu kloridi ya asilimia 1.175 ndani ya mililita 99.5 za asidi ya salfuriki ya asilimia 1. Fananisha maji ya Candida wako na chupa hiyo mbele ya karatasi yenye mistari myeusi. Hapo una chembe kati ya milioni 1 na milioni 5 kwa mililita. Punguza mara 50, kisha mara 20, na utakapochanganya nusu kwa nusu na dawa katika kishimo utabaki na chembe kati ya 500 na 2,500 kwa mililita, kama unavyotaka M27, mwongozo wa taasisi ya viwango vya maabara CLSI. Ukitia mara mia zaidi, hata dawa nzuri itaonekana imeshindwa.

Kuna mtego mwingine unaohusu kitunguu saumu kuliko dawa nyingine. Alisini humuua fangasi kwa kushika vikundi vya salfa katika protini zake na kumaliza glutathioni yake, molekuli yenye salfa inayomkinga. Lakini haichagui: ikikuta vikundi hivyo katika chakula ulichomwekea fangasi, itashikana navyo na kuisha kabla ya kumfikia. Dondoo la hamira lina vitu hivyo kwa wingi. Hata RPMI 1640, chakula cha majimaji kinachopendekezwa kwa kipimo hiki, ina glutathioni miligramu 1 kwa lita, ingawa hiyo ni kidogo. Andika chakula ulichotumia kwa jina kamili, na usilinganishe tarakimu zako na za mtu aliyetumia chakula kingine.

Mwisho wa upande wangu: kila siku ya kipimo, weka pia fangasi wa kulinganishia anayejulikana, kama Candida parapsilosis ATCC 22019, pamoja na flukonazoli. Akikupa jibu lisilo lake, kipimo cha siku hiyo kitupe, hata kama matokeo ya juisi yanapendeza.

Binti wa Kadutu (Bukavu)

Asanteni sana, kwa kweli mmeniondolea mzigo. Spektrofotometa ipo, sisteini ipo, DTNB nitaiagiza kupitia rafiki aliye Kigali. Nina maswali mawili. Je, naweza kutumia vidonge vya flukonazoli vya duka la dawa? Na je, kipimo hikihiki kinafaa kwa Trichophyton rubrum, ambaye pia nilitaka kumpima kwa sababu ya wagonjwa wengi wa ngozi tunaowaona?

Fundi wa Maabara (Goma)

Vidonge, hapana: ndani mna unga wa kujazia, na hujui uzito halisi wa dawa iliyoyeyuka. Tafuta unga safi, au tumia diski za mikrogramu 25 kwenye agari.

Trichophyton ni jambo jingine kabisa. Candida husomwa baada ya saa 24, lakini huyu anahitaji siku nyingi kwenye nyuzi 28 hadi 30, mara nyingi wiki na zaidi. Alisini uliyoitia siku ya kwanza haitakuwepo siku ya saba. Kwa hiyo ukimkuta ameota, hujui kama dawa ilishindwa au iliisha. Mimi ningemweka fangasi katika juisi kwa muda maalumu, tuseme dakika 10, 30 na 60, kisha ningetia sisteini nyingi ili kuizima alisini palepale, halafu ningempanda kwenye agari safi na kuhesabu waliosalia. Hapo swali lako linakuwa wazi: anakufa baada ya muda gani wa kuguswa?

Mfamasia wa Bukavu

Naomba niseme neno kwa upande wa wagonjwa, na pia nitofautiane kidogo na ndugu mkemia.

Ameandika kama kwamba alisini iliyopimwa ndiyo yenye maana peke yake. Mama anayekuja dukani kwangu hana alisini. Ana kitunguu saumu, kinu, na mtoto mwenye utando mweupe mdomoni. Kwa hiyo juisi ghafi, iliyotwangwa kama inavyotwangwa jikoni, ni kitu halali cha kupimwa, hata yenye siku moja au mbili, mradi mwanafunzi aandike saa, joto na namna ya kutwanga. Ningependa kuona katika TFC hii mstari mmoja unaoonyesha juisi ya saa moja, ya siku moja na ya siku saba, kwa sababu hivyo ndivyo watu wanavyoitumia kweli.

Lakini kwa sababu hiyohiyo, sehemu ya majadiliano iandikwe kwa uangalifu mkubwa. Duara katika sahani ni habari ya sahani. Nimeona mguu wa kijana ulioungua malengelenge kwa sababu alifunga kitunguu saumu kilichopondwa usiku mzima juu ya fangasi wa vidole. Ngozi ya mtoto mchanga ingeungua upesi zaidi. Krimu ya Venezuela ilikuwa na ajoini safi iliyopimwa, si kitunguu kilichopondwa. Utando wa mdomoni una nistatini, dawa iliyogunduliwa na Hazen na Brown mwaka 1950 na ambayo ni salama kwa watoto.

Na kuna fangasi ambaye sitaki jina lake liguswe na kitunguu katika ukurasa wowote bila onyo: Cryptococcus neoformans. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya fangasi hatari 19, Oktoba 2022, lilimweka katika kundi la juu pamoja na Candida auris, Aspergillus fumigatus na Candida albicans huyu wako. Ugonjwa wake wa utando wa ubongo unawapata hasa watu wenye virusi vya UKIMWI waliochelewa dawa, na tiba inayopendekezwa tangu mwaka huohuo ni dozi moja kubwa ya amfoterisini B ya liposomu, miligramu 10 kwa kila kilo ya mwili, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Mgonjwa huyo akikaa nyumbani siku tatu akinywa juisi, tumempoteza.

Mkemia wa Lubumbashi

Mfamasia amesema kweli kuhusu juisi ya jikoni, na ninarekebisha maneno yangu: pima vyote viwili. Mstari wa siku saba anaouomba utakuwa na thamani maradufu ukiwa na alisini iliyopimwa kila siku kando ya duara. Vikishuka pamoja, umeonyesha chanzo. Duara likibaki wakati alisini imekwisha, kuna kitu kingine kinachofanya kazi, na hapo tutaanza kuzungumza juu ya ajoini na salfidi.

Ukitaka ushahidi wa haraka kabla DTNB haijafika, gawa juisi mbichi mara mbili: nusu moja tia maji, nusu nyingine tia sisteini ya kutosha, ngoja dakika kumi na tano, kisha weka zote kwenye agari, sahani mbalimbali kama fundi alivyosema. Ongeza sahani ya tatu yenye sisteini peke yake, na ya nne yenye kitunguu kilichochemshwa kikiwa kizima kabla ya kutwangwa.

Binti wa Kadutu (Bukavu)

Nimefanya jana mchana na kusoma leo asubuhi. Umeme ulikatika usiku na tanuri la kuoteshea lilishuka hadi nyuzi 29 kwa saa kadhaa, nami nimeliandika hilo katika daftari; hata hivyo Candida ameota vizuri katika sahani za ulinganishi. Juisi pamoja na maji: duara la milimita 29. Juisi pamoja na sisteini: hakuna duara, fangasi ameota hadi ukingoni mwa kishimo. Sisteini peke yake: hakuna. Kitunguu kilichochemshwa kizima: hakuna. Nimerudia mara tatu, kila mara kwa kitunguu kingine, na mpangilio umekuwa uleule.

Nilimpelekea mwalimu wangu sahani hizo mkononi. Amezitazama kwa muda mrefu, akaniuliza sisteini inapatikana wapi, na hakutaja tena wastani. Kesho naanza bamba jipya, safu za ulinganishi zikiwa katika bamba la peke yake, na Jumatatu nitaanza kuhesabu siku saba za juisi ya friji.

Fundi wa Maabara (Goma)

Vizuri sana. Piga picha za sahani hizo leo, ukiweka rula kando ya kila duara, kabla agari haijakauka. Na hiyo juisi ya siku saba, igawe katika vichupa saba vidogo vilivyojaa hadi shingoni, ufungue kimoja kila siku. Ukifungua chupa moja mara saba, utakuwa unapima pia kilichopaa kila ulipoifungua.